Mbio za Motokaa Kisumu: Asiyefunzwa Apewe Uwanja Wake

SISI watu wa pwani tukiutaja mji wa Kisumu hukumbuka kwanza reli, iliyoanzia kwetu Mombasa ikafika ziwani mwaka 1901. Kisha twakumbuka samaki, twakumbuka sukari ya Miwani na Muhoroni, na mtaa wa Kaloleni ambao jina lake mtu wa Kilifi hahitaji kuelezwa. Motokaa za mbio hatuzitaji. Lakini jambo la motokaa hizo lafaa kuzungumzwa, kwa kuwa ndani yake mna roho za watu, na linalowakabili wazazi wa Kisumu ndilo linalowakabili wazazi wa Mombasa na Malindi.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana anafanya kazi, anaweka akiba, kisha ananunua gari lenye nguvu lililokwisha kutumika: Subaru Impreza, au pengine Mitsubishi Lancer Evolution. Haya si magari ya kubebea mboga. Lancer Evolution ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1996, na Impreza ikashinda mwaka uliofuata. Gari ambalo baba yake alilisikia redioni tu siku za Pasaka, mwana sasa analo mlangoni, na ufunguo u mfukoni mwake. Swali ni moja: atajifunzia wapi kuliendesha?

Kisumu hapana kiwanja cha kudumu cha lami kilichojengewa mbio za magari. Kilichobaki ni barabara ya watu wote. Ipo ile inayokata uwanda wa Kano kuelekea Ahero, imenyooka na yamshawishi mtu. Ipo inayopanda kutoka Mamboleo kwenda Kakamega, yenye kona na miteremko. Katika njia hizo mna mwenye bodaboda aliyepakia watu wawili na gunia, mna ng'ombe wanaovushwa, mna mama atokaye sokoni na beseni la omena kichwani. Hakuna hata mmoja wao aliyekubali kushiriki mbio za mtu.

Tupige hesabu kidogo. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kwa kila sekunde. Dereva akimwona mtoto mbele yake, akashtuka, akahamisha mguu, sekunde moja imekwisha na mita 28 zimekwisha kabla breki hazijaanza kushika. Tena, mwendo ukiongezwa mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kukanyaga breki hayaongezeki mara mbili, bali mara nne. Hili halijali ujasiri wa mtu wala bei ya gari lake.

Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani mwaka 2022, na hali ikawa hivyo hivyo mwaka 2023 na 2024. Hapo Kisumu penyewe, tarehe 8 Agosti 2025, basi lililowabeba waombolezaji waliotoka mazikoni lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, upande wa Mamboleo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Basi lile halikuwa katika mbio zozote. Twalitaja ili msomaji ajue barabara hizo ni za namna gani hata kwa mtu asiyeshindana na yeyote.

WALIOTANGULIA WALIJIFUNZAJE?

Watu wengine husema: "Mbona Safari Rally ya zamani ilikimbiwa katika barabara hizo hizo?" Ni kweli, na jibu lake lina mafunzo.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Kabla ya hapo wapenda mbio wachache wa nchi hii walikuwa wakizunguka katika kiwanja cha Langa Langa, huko Bonde la Ufa. Baadhi yao walichoka kuzungukia mahali pamoja, wakabuni safari ndefu ya kulizunguka Ziwa Viktoria, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida, yale yale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa kwa madaraja kufuata bei yake. Basi mashindano makubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki chimbuko lake ni wazo la kulizunguka ziwa hili hili ambalo Kisumu imekaa ukingoni mwake.

Kwa miaka mingi mashindano hayo yalikwenda katika barabara zilizo wazi, huku magari mengine, watu na wanyama wakipita. Timu tajiri zilirusha helikopta mbele ya gari ili kumwonya dereva juu ya lori au twiga aliye njiani. Mwaka 2002 ukawa wa mwisho kwa Safari ya namna hiyo katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka 2021, huko Naivasha, ilirudi na sura nyingine: sehemu za kushindania hufungwa, na wasimamizi husimama njiani. Kama mabingwa wa dunia, wenye helikopta na mafundi, wameondolewa katika barabara iliyo wazi, kijana wa Kondele atadai haki gani ya kubaki humo peke yake saa sita za usiku?

Tena tumtazame bingwa aliyezaliwa karibu na ziwa. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Hakuanza kwa kukimbia. Alianza katika gereji ya baba yake, akaijua motokaa kutoka chini yake kabla ya kuijua kutoka kwenye usukani. Baadaye akafanya kazi ya kuwasaidia wenye magari yaliyoharibika njiani. Mashindano aliyaingia akiwa na miaka 26, umri ambao vijana wa leo hudhani wamekwisha kuchelewa. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika katika mashindano, wala si gari jipya la kiwandani. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976, akaitwa Simba wa Kenya. Katika Safari 22 alizoingia, alifika mwisho mara 19. Hesabu hiyo ya kufika mwisho yatuambia mengi juu yake kuliko vikombe vyake vitatu. Mtu asiyejua kulitunza gari na kuuzuia mguu wake hafiki mara 19.

KIWANJA HUFUNZA NINI?

Wengi hudhani kwamba kiwanjani mtu hufundishwa kwenda mbio. La, kwenda mbio hakuna asiyekujua, kwani ni kukanyaga tu. Kinachofundishwa ni kupunguza mwendo.

Somo la kwanza ni kukaa. Mgongo uegemee kiti chote, na mikono iufikie usukani bila kunyooka kabisa, ili mwili uhisi gari linapoanza kuteleza. La pili ni macho. Gari hufuata yanakotazama macho, na mwanafunzi hutazama mahali anapoogopa kugonga, kwa hiyo hupagonga. La tatu ni breki: hukanyagwa kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kabla ya kona, kisha huachiwa taratibu. Anayekanyaga breki kwa ghafla akiwa katikati ya kona huuhamishia uzito mbele, magurudumu ya nyuma yakawa mepesi, na mkia wa gari ukataka kutangulia. La nne ni kujua kwamba gari nalo huchoka. Baada ya mizunguko michache ya kasi mafuta ya breki huchemka, na mguu unaokanyaga hukuta pengo. Heri pengo hilo mtu alijue mahali penye uwanda mtupu mbele yake, kuliko kulijua kwenye mteremko wa kuingia mjini.

Mandhari ya ziwani nayo yana masomo yake. Mvua za mchana hushuka kwa ghafla. Udongo mweusi wa Kano ukilowa huwa kama sabuni, na ukiburutwa na matairi ya trekta za miwa hadi kwenye lami, kona iliyokuwa nzuri asubuhi huwa mtego jioni.

Haya yote hayahitaji kiwanja cha mamilioni. Yapo mashindano ya otokrosi, ambayo hufanyika katika kiduara kifupi cha vumbi, na Nairobi yamefanyika sana Jamhuri Park. Chini ya shirikisho la michezo ya motokaa la Kenya, otokrosi ina madaraja: watoto wana lao, magari ya magurudumu mawili yasiyo na tabo yana lao, na yenye tabo na magurudumu manne yana lao. Yapo pia mashindano ya saa, kama yale ya Kiambu yaitwayo Kiambu Ring, ambako barabara hufungwa, na mwenye gari lake la kila siku hukimbia peke yake akishindana na saa. Ng'ambo ya mpaka, Uganda wanacho kiwanja cha Busiika, kaskazini ya Kampala. Lakini kwa kijana wa Kisumu kote huko ni safari ya siku nzima, na wengi hawaendi.

FARASI WALIOFUNZWA NA WASIOFUNZWA

Sisi tuliolelewa katika Uislamu hatuna haja ya kuuona mchezo wa mbio kuwa ni kitu cha wageni. Katika hadithi sahihi iliyopokewa na Abdullahi bin Umar, ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana, Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi Madina. Farasi waliofunzwa wakatayarishwa kwa mbio walipewa masafa marefu, kutoka Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, kiasi cha maili tano au sita. Wale wasiofunzwa walipewa masafa yao mbali, kama maili moja tu, hadi msikiti wa Bani Zuraiq.

Mbio hazikukatazwa, wala wasiofunzwa hawakufukuzwa. Kila kundi lilipewa uwanja wa kadiri yake, na mwisho wa mbio ulijulikana. Mbio za usiku barabarani hazina lolote katika hayo: aliyefunzwa na asiyefunzwa wamechanganywa, mpaka haujulikani, na mara nyingine fedha huwekwa, likawa jambo la kamari. Zaidi ya hayo ni kumtia hatarini mtu asiyehusika. Dini imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, sembuse kumtia jirani.

PINGAMIZI MBILI

Yupo atakayesema kwamba huu ni mchezo wa wenye pesa, na kaunti yenye mitaa isiyo na maji haina haki ya kuwajengea watu viwanja vya anasa. Neno hilo lina uzito. Lakini hatusemi pajengwe kiwanja. Mamboleo pana uwanja wa maonyesho ya kilimo. Jumapili moja kwa mwezi, koni za plastiki, gari la wagonjwa, mtu wa saa na walimu wachache watosha kwa kuanzia, na wenye magari walipe gharama wenyewe. Aliyeweza kununua tabo hashindwi na ada ya kiingilio na bei ya helmeti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, kijana akifundishwa hatazidi kujiamini, akarudi barabarani na kukimbia zaidi? Hofu hii si ya bure. Uchunguzi uliofanywa Norwei katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba vijana wa kiume waliofundishwa kuliongoza gari linaloteleza walipata ajali nyingi zaidi kuliko wenzao. Wazee wetu walikwisha kusema: mwana maji wa Kwale, kufa maji mazoea. Basi mafunzo yanayomsifu mwanafunzi na kumpa picha ya kutundika ukutani ni hasara tupu. Mwalimu mzuri humpeleka mwanafunzi hadi mahali anaposhindwa, katika uwanda usio na mtu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka aone kwa macho yake jinsi uwezo wake ulivyo mdogo. Atokaye hapo na majivuno bado hajafunzwa.

Kwa hiyo yafaa kila mhusika achukue sehemu yake. Serikali ya kaunti na shirikisho wafungue uwanja, na waweke sharti kwamba atakayekamatwa akikimbia barabarani hapokelewi tena. Mwenye gari aanze na gari dhaifu, au alifunge lile lenye nguvu mpaka mwalimu aseme yatosha. Aisome pia karatasi yake ya bima, maana bima nyingi hazilipi hasara ya mashindano wala ya majaribio ya kasi. Mzazi naye asitoshelezwe na kuambiwa kwamba mwana "anajua gari". Amwulize: umelijulia wapi, na nani alikuwa amesimama pembeni?

Na sisi wa Mombasa, ambako magari ya kale ya Safari yamekuwa yakija kuanza au kumaliza mbio zao tangu mashindano hayo ya ukumbusho yalipoanza mwaka 2003, tusiyatazame ya Kisumu kama habari za mbali. Vijana wetu nao wana magari hayo hayo, na uwanja hawana. Tukingoja mpaka jeneza lipite ndipo tuitishe mkutano, mkutano huo hautamrudisha mtu.