Pedali ya gitaa uliyojiundia, ivishe rangi ya kudumu

KUUNDA kisanduku cha kubadilisha sauti ya gitaa si jambo geni tena kwa vijana wetu. Mwanafunzi wa umeme katika chuo cha ufundi, akiwa na nyaya, vipuri vichache na kifaa cha kulehemu, aweza kukamilisha kazi hiyo katika wikendi moja au mbili. Wapigaji hukiita kisanduku hicho pedali, kwa kuwa hukanyagwa kwa mguu. Hukaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, na kikikanyagwa sauti hukwaruza, hurefuka au hujirudia kama mwangwi.

Taabu huja baadaye. Pedali inalia vizuri, lakini kwa macho ni debe tu lenye matundu, na vifundo vyake havina majina. Kiongozi wa bendi ya kanisa anaitazama, anatabasamu kwa adabu, kisha anakwenda kununua ya dukani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, chema kilichovaa matambara nacho hulala na njaa.

Rangi si urembo mtupu. Kampuni ya Boss ya Japani ilipoanza kutoa pedali ndogo mwaka wa 1977, iliipa kila aina rangi yake. Ile iitwayo DS-1, iliyotoka mwaka wa 1978, hutambulikana hadi leo kwa rangi yake ya chungwa. Jukwaani penye giza mpigaji hana nafasi ya kusoma maandishi. Anaona rangi, anakanyaga. Ni kama abiria wa matatu: mchoro wa gari humwambia ni lipi kabla hajasoma linakokwenda.

Basi msomaji, tuanze kazi.

Kisanduku na matundu

Kisanduku bora ni cha alumini, chenye urefu wa kama sentimita 12 na upana wa sentimita 6 hivi. Ukikosa cha dukani, fundi wa jua kali anayetengeneza sufuria aweza kukukunjia bati la alumini. Wengine hutumia visanduku vya chuma vya mafundi wa stima. Hivyo vinafaa, ila vingi vimepakwa zinki, na rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hubambuka baada ya muda. Mwulize mwenye duka la vifaa rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki.

Toboa matundu yote kabla ya kupaka chochote. Anayetoboa baada ya kupaka huharibu kazi ya siku tatu kwa dakika moja.

Msasa kwanza

Sehemu kubwa ya kazi hii ni maandalizi. Sugua kisanduku kwa msasa wa nambari 220, kisha 400, hadi mng'aro uishe. Kioshe kwa maji na sabuni, kikauke, kisha kipanguse kwa spiriti. Tangu hapo usikishike kwa mikono mitupu, kwa maana mafuta ya vidole hukataa rangi. Paka rangi ya kwanza ya kushikisha, ikauke, uisugue kidogo tena.

Rangi ya mkebe ipulizwe kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 30, mara nyingi na nyepesi. Ukipuliza mara moja kwa wingi, itatiririka kama machozi.

Vumbi na ukungu

Hapa kwetu Bonde la Ufa kuna maadui wawili. Wa kwanza ni vumbi. Jina lenyewe la Nakuru inasemekana latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayeishi hapa wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kuanza, kisha ukimaliza ukifunike kisanduku kwa katoni kubwa isiyokigusa.

Adui wa pili ni unyevu. Kwa wale wa Molo na Elburgon, asubuhi ya ukungu si wakati wa kupaka vanishi. Unyevu ukinaswa ndani, vanishi hugeuka nyeupe kama maziwa. Ngoja jua la mchana.

Maandishi na michoro

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni mchoraji wa mabango, mwenye mkono uliozoea brashi ndogo. Ya pili ni wakataji wa stika za matatu, ambao hukata herufi ndogo kwa mashine. Ya tatu ni kuchapisha mchoro kwenye karatasi maalumu ambayo ukiiloweka majini, ngozi yake nyembamba huteleza na kukaa juu ya chuma. Kumbuka kwamba printa ya kawaida haichapishi rangi nyeupe, hivyo maandishi meusi juu ya rangi nyangavu ndiyo yanayosomeka. Kama printa ni ya wino wa maji, pulizia karatasi vanishi kabla ya kuiloweka, la sivyo mchoro utayeyuka mbele ya macho yako.

Mwisho ni vanishi ya kukinga viatu, mipako mitatu au minne myepesi. Jaribu kwanza juu ya kipande cha bati. Rangi za magari zenye thina kali zikipakwa juu ya rangi ya mafuta huweza kuikunja kama ngozi ya maziwa. Kisha uwe na subira ya juma zima kabla ya kukaza nati.

Mambo matatu ya kuchunga

Kwanza, usipake rangi ndani ya kisanduku pale tundu la waya wa gitaa linapogusa chuma. Chuma hicho ndicho kinachozuia kelele za umeme kuingia, na rangi hukata mguso. Kisanduku kitapendeza, lakini amplifaya itavuma kama mzinga wa nyuki.

Pili, wako vijana wanaoharakisha kukausha rangi juu ya jiko la makaa. Hilo ni jambo la hatari kubwa. Mvuke wa thina hushika moto kwa cheche moja, na mkebe wa kupuliza ukipata joto hulipuka. Mzazi, usikubali kazi hii ifanyiwe jikoni wala chumbani wanamolala watoto. Ifanyiwe nje au kwenye baraza penye hewa, na anayepuliza ajifunike pua na mdomo.

Tatu, usiandike juu ya kisanduku chako jina la kampuni ya ng'ambo ili kiuzike. Kenya ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi. Zaidi ya hayo, kazi ni yako. Andika jina lako, au la mtaa wako, iwe ni Bondeni, Lanet au Njoro. Siku mpigaji atakapoulizwa sauti ile tamu yatoka wapi, ainame na kusoma jina la kijana wa hapa hapa nyumbani.