Kifaru cha Plastiki Mezani: Kichomwe Moto au Kifunguliwe Dirisha?

Mwezi huu tulipanga kuendelea na mada ya kuhara kwa watoto wachanga, lakini mama mmoja wa parokia ametuomba tuzungumzie jambo jingine, nasi tumeona si vema kulikawiza.

Mama huyo alifika idara ya wagonjwa wa nje akiwa na mwanawe wa miaka 14. Kijana alilalamika kichwa na kizunguzungu, na alikuwa ametapika mara mbili. Kama ilivyo desturi yetu, tulimpima malaria, haikuonekana. Homa hakuwa nayo. Tukauliza alikuwa akifanya nini tangu asubuhi. Kijana akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu: "Nesi, alijifungia chumbani na kifaru chake."

Mjomba wake afanyaye kazi Uingereza alikuwa amemletea boksi lenye vipande zaidi ya mia vya plastiki, vya kuunganisha kwa gundi mpaka kipatikane kifaru cha vita mfano wa vile vya mwaka 1943. Kijana alifunga dirisha ili upepo usimpeperushie vipande vidogo, akainamia gundi muda wa saa tatu. Tulipoisikia harufu ya gundi katika shati lake, wauguzi tuliokuwa zamu tulikimbilia dhana mbaya. Tukamwuliza, mbele ya mama yake na wagonjwa wengine, kama huwa ananusa gundi ili alewe. Machozi yakamtoka. Tulikosea, na hapa tunakiri: swali lilikuwa halali, ila mahali pa kuliulizia hapakuwa pale.

Tulimpumzisha kwenye hewa safi, tukampa maji ya kunywa, na jioni alirudi kwao akiwa mzima. Lakini mama aliondoka na swali: "Nikichome moto? Ni chombo cha vita, tena kinamdhuru mtoto." Hayo ni maswali mawili, na yafaa kila moja lijibiwe peke yake.

HOBI HII NI KITU GANI?

Watu wengi wa Ulaya, Marekani na Japani, wengi wao wakiwa wazee wenye wajukuu, hutumia jioni zao kujenga vifaru vidogo vya namna hii. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1 kwa 35, maana yake sentimeta 1 ya kifaru kidogo ni sentimeta 35 za kile cha kweli. Kipimo hiki kilipatikana kama kwa bahati. Kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani, ilipotengeneza kifaru chake cha kwanza cha plastiki mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliamua ukubwa wake kwa kuangalia nafasi ya kutosha mota na betri ndani. Baadaye hesabu ikaonyesha kwamba ni kama 1 kwa 35, na wengine wakafuata.

Kifaru cha Kijerumani kiitwacho Tiger kilikuwa na uzito wa tani 57 na urefu wa karibu mita 8 na nusu ukihesabu na mzinga. Kikipunguzwa kwa kipimo hicho, kinakuwa na urefu wa sentimeta 24, yaani kinakaa juu ya daftari la shule. Tiger mmoja wa kweli, uliotekwa Tunisia Aprili 1943, umehifadhiwa katika makumbusho ya vifaru huko Bovington, Uingereza. Wajenzi wa vifaru vidogo huuchunguza hata misumari yake ili kazi yao ifanane nao.

Kwa macho ya muuguzi, kazi hii ina manufaa yake. Mtoto anayekata kipande, akakilainisha, akakisubiri kikauke, anajifunza kutuliza mkono na kutuliza moyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, majeruhi wengi wa Uingereza walifundishwa kusuka vikapu na kutengeneza vitu vya kuchezea watoto, ili mikono ipate nguvu tena na akili ipate pa kutulia. Wala sisi si wageni wa jambo hili. Ni nani kati yetu ambaye kaka zake hawakuunda gari la waya lenye matairi ya kandambili zilizochakaa? Ni hobi ileile. Tofauti ni boksi na bei.

GUNDI NDIYO YENYE HATARI

Gundi ya plastiki hii haifanyi kazi kama ile ya karatasi. Ndani yake mna kemikali ziyeyushazo plastiki, ili vipande viwili vishikane na kuwa kimoja. Zamani aghalabu ilitumika toluini. Siku hizi gundi nyingi zina butanoni au kemikali nyingine, na zipo zitumiazo kiyeyusho kinachotokana na maganda ya machungwa. Nyingi zina mvuke ambao hauna rangi, lakini huingia mapafuni, kisha kwenye damu, kisha kwenye ubongo. Katika chumba kilichofungwa, kichwa huuma, macho huwasha, tumbo huchafuka, na mtu hupepesuka kama mlevi. Hayo ndiyo yaliyompata kijana wetu, naye hakuwa amekusudia.

Kuna na wanaokusudia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, magazeti ya Marekani yalianza kuandika habari za vijana walionusa gundi ya vindege vya plastiki ili walewe. Mwaka 1969 kampuni ya Testor ya huko ilitia mafuta ya haradali katika gundi yake, ili atakayeinusa kwa kukusudia aumie pua na kuacha. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 1985 dhidi ya kumwuzia aliye chini ya miaka 18 vitu vya aina hii, endapo muuzaji anajua au ana sababu ya kuamini kwamba vitavutwa ili kulewa. Na huku kwetu, nani hajamwona mtoto wa mitaani akiwa na chupa ya gundi ya viatu puani? Anainusa ili asahau njaa na baridi. Toluini ikivutwa muda mrefu huharibu ubongo, ini na figo, na mwendo wa mtu huharibika. Hata mara moja tu yaweza kuvuruga mapigo ya moyo, mtoto akafa ghafla.

Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini angalieni: fundi viatu wa sokoni hutumia gundi kali kila siku, wala hatumwambii achome kibanda chake. Tunamwambia akae penye upepo. Kijana anayehitaji gundi tone moja kwa kila kipande tumwambie vivyo hivyo. Tukimnyang'anya kazi yake njema kwa sababu ya dirisha lililofungwa, tutakuwa tumeacha ugonjwa na kutupa mgonjwa.

JE, NI KUMFUNDISHA MTOTO VITA?

Swali la pili ni gumu zaidi, na hata sisi wauguzi tulibishana wakati wa chai. Wengine walisema, heri mtoto ajenge nyumba au trekta. Kifaru kilibuniwa kuua watu, na kukipamba rangi na kukiweka kabatini ni kuizoeza nyumba kuona mauaji kuwa urembo. Hoja hiyo hatuidharau. Mtoto akijua unene wa chuma na urefu wa mzinga tu, bila kujua kwamba ndani walikaa watu, basi kweli amefundishwa nusu, na ni ile nusu mbaya.

Lakini dawa ya elimu nusu ni kuikamilisha. Vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme huko Ufaransa. Waingereza walipokuwa wakiviunda kwa siri walidanganya kwamba ni matangi ya maji, na jina la tangi likabaki katika lugha yao hadi leo. Katika kila kimoja waliingia watu 8, wakakaa chumba kimoja na injini. Joto lilikuwa kali mno, na moshi wa injini wenye hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ulijaa humo ndani. Askari waliumwa vichwa, wakatapika, wengine wakazimia kabla hata hawajapigwa risasi. Tulipomsimulia kijana habari hiyo alishangaa, akasema: "Kumbe hata wao dirisha lilikuwa limefungwa."

Katika vita iliyofuata, vifaru vingi vilikuwa na watu wanne au watano ndani, na vilipopigwa viliwaka kwa petroli au kwa risasi na makombora yaliyorundikwa humo. Sisi tuliowahi kuuguza majeraha ya moto tunajua maana ya maneno hayo. Mzazi asiogope kumwambia mtoto wa miaka 14 jambo hilo kwa maneno ya kiasi. Mtoto aliyeunganisha mlango mdogo wa kifaru kwa mkono wake huelewa upesi jinsi ulivyokuwa mwembamba kwa mtu anayetaka kukimbia moto.

Nyumbani kwa kijana huyu yupo babu yake mzaa baba, ambaye alikuwa askari katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Huja kwetu kila mwezi kupimwa shinikizo la damu. Zaidi ya miaka 40 hakuwahi kuwasimulia watoto wake lolote la vita, isipokuwa kusema kwamba walitembea sana. Siku moja alimkuta mjukuu barazani akipaka rangi minyororo ya kifaru. Akaketi. Baada ya kimya kirefu akamwambia kwamba rangi ile ni safi mno. Chuma kilichoungua hakiwi hivyo. Kisha akamweleza habari za kifaru alichokiona kando ya njia, na jinsi wenzake walivyopita bila kugeuza shingo.

Mambo hayo alitueleza mwenyewe alipokuja kupimwa. Hatusemi kwamba shinikizo lake limeshuka kwa sababu hiyo; dawa zake anaendelea kuzimeza kama alivyoandikiwa. Alisema tu kwamba sasa kuna mtu nyumbani anayemwuliza, na kwamba usiku ule wa kwanza hakulala vizuri. Wazee wa namna hii wako katika parokia zetu. Wasilazimishwe kusema, kwani kidonda cha moyoni kikifunguliwa kwa nguvu huumiza. Ila akianza mwenyewe, tuketi tumsikilize. Na asipolala usiku mwingi mfululizo, aje atuone.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kifaru kisichomwe. Tena plastiki ikichomwa hutoa moshi mbaya kuliko gundi yenyewe. Kijengwe barazani, karibu na mtu mzima, na mtoto aulizwe: humu walikaa wangapi, na walitokaje?

MASHARTI YA NYUMBANI

1. Kazi ya gundi na rangi ifanyike barazani au penye madirisha mawili yaliyo wazi. Kila baada ya nusu saa mtoto ainuke, atembee, apumzishe macho kwa kutazama mbali.

2. Gundi ifunikwe kila inapotumika, na ikae mbali na jiko, mshumaa na kibatari, maana mvuke wake hushika moto. Mzazi ndiye aiweke, naye ajue chupa imebaki kiasi gani.

3. Kisu kikatie mbali na mwili, wala kisishikwe na mtoto mdogo. Akijikata, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Jeraha likiwa la kina, au sindano ya pepopunda ikiwa ilichomwa zamani, njooni hospitali.

4. Rangi za kuchanganya na maji ni salama kuliko zile za kuchanganya na spiriti. Rangi ya kupuliza isipulizwe ndani ya nyumba. Vumbi la kusugua plastiki lisivutwe. Tumieni msasa wa maji.

5. Gundi ile kali ya papo kwa papo ikigandisha vidole, msivitenganishe kwa nguvu. Loweka katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi, msilazimishe kope kufunguka, mje upesi.

6. Vipande vidogo visiachwe sakafuni. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu kinywani.

7. Mtu akilewa mvuke, mtoeni nje penye hewa, mlegezeeni nguo, msimkimbize wala kumtisha. Akizimia mlazeni ubavu, mleteni hospitali bila kuchelewa.

Na kama hamna boksi la kutoka ng'ambo, hamjapungukiwa na kitu. Waya, makopo na udongo wa mfinyanzi vitamfaa mtoto vilevile, na havina mvuke. Ada ya shule na chakula visiguswe kwa ajili ya plastiki.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wenyewe na kwenu wazazi. Mtoto akiletwa hospitali, tuambieni wazi alikuwa akifanya nini na kwa kitu gani, hata kama mnaona aibu. Mkiweza, njooni na chupa yenyewe. Nasi tunaahidi kuuliza faraghani. Kijana wetu alirudi wiki iliyopita kumsindikiza babu yake. Alitusalimia kwa heshima, lakini alisimama mbali kidogo na meza yetu. Tunamwelewa.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaendelea na mada ya kuhara kwa watoto wachanga.