Pikipiki Si Punda: Kijana Afunzwe Kabla ya Kubeba Abiria

Msomaji, huenda unaishi Nairobi, Eldoret au Kitale, na una ndugu yako nyumbani Lodwar, Kakuma au kule mbali Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda. Umejinyima, umeweka akiba, na sasa umeamua kumnunulia pikipiki ili aache kukaa bure na ajitafutie riziki. Hilo ni jambo jema, wala sikusudii kukuvunja moyo. Nina swali moja tu: katika hesabu yako, umetenga shilingi ngapi za kumfundisha kuiendesha?

Aghalabu jibu huwa ni kwamba hakuna kilichotengwa. Kijana hupewa ufunguo asubuhi. Rafiki yake humwonyesha klachi, gia na breki, wakauzunguka uwanja mara tatu au nne, na kufikia jioni tayari amebeba abiria, pengine wawili, na mbuzi juu yake. Sisi madaktari hukutana naye baadaye, akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, au akiwa amebebwa na wenzake asijue yuko wapi.

Maoni yangu ni kwamba kujifunza kuendesha pikipiki ni jambo la afya, sawa na chanjo na maji safi. Anayemkabidhi mtu chombo hicho bila kumpa mafunzo amemkabidhi ugonjwa.

Pikipiki si punda. Punda ana miguu minne, husimama peke yake, na akiona shimo hulikwepa hata kama bwana wake amesinzia. Pikipiki haisimami yenyewe. Ikisimama wima ni kwa sababu ya mwendo na kwa sababu ya mwili wa yule aliyeipanda, na mwili huo hauna budi kufundishwa.

MWILI HUJIFUNZA VIPI?

Ndani kabisa ya sikio lako kuna mifereji midogo mitatu yenye majimaji. Kichwa kinapogeuka, majimaji hayo husukumwa na ubongo hupata habari. Macho nayo hupeleka habari zake, na vilevile mishipa ya fahamu iliyo katika viungo na misuli. Sehemu ya ubongo iliyo kisogoni huzikusanya habari hizi zote na kuuweka mwili sawa. Ndiyo maana unaweza kutembea huku ukizungumza.

Mtu anapojifunza mwendo mpya, mwanzoni hulazimika kufikiria kila tendo: sasa klachi, sasa gia, sasa breki. Akili yake imejaa. Mtoto akivuka barabara ghafla, hana nafasi ya kuwaza jambo jingine. Kwa kurudia mara nyingi, matendo hayo huingia mwilini na kufanyika bila kufikiriwa, na hapo akili hubaki huru kutazama barabara. Mabadiliko hayo hayaji kwa siku moja. Mengi hukamilika mtu akiwa amelala, kwa kuwa ubongo hukaza mafunzo ya mchana wakati wa usingizi. Kwa hiyo saa moja kila siku kwa majuma mawili ni bora kuliko saa kumi na nne kwa siku mbili.

Tena mazoezi yafanywe asubuhi mapema. Joto la mchana Lodwar mara nyingi hupita digrii 35, na mwili uliopungukiwa na maji huchelewa kuamua na kutenda. Mwanafunzi anywe maji kabla ya kuanza, wala asingoje kiu.

Usidhani kwamba mtu mzima hawezi kujifunza mwendo mpya. Wakenya tunaye shahidi wetu. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mbio za masafa ya kati, na mwaka 1996, akiwa mtu mzima, alianza kufundishwa huko Finland kuteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni. Mwezi Februari 1998 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, nambari 92, lakini alimaliza kwa miguu yake, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni akamkumbatia. Boit alipewa walimu na muda, na hivyo ndivyo kijana wako anavyokosa.

KAZI IKO KWENYE KONA

Kwenda moja kwa moja ni rahisi. Kazi iko kwenye kupinda. Wanaojifunza kuteleza kwenye theluji kwa ubao mmoja huko Ulaya hufundishwa mambo ambayo mwendeshaji wa pikipiki pia anayahitaji: magoti yalegee, macho yatangulie kule unakotaka kwenda, na mwili ulale upande wa kona. Mtu mwenye hofu hufanya kinyume. Hukaza mikono, huegemea nje ya kona, na hukodolea macho kile anachokiogopa. Na kile unachokikodolea macho ndicho utakachokigonga.

Juu ya lami, mwendeshaji apunguze mwendo kabla ya kuingia konani, asingoje awe katikati yake. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha, lakini ibanwe polepole, pikipiki ikiwa wima, pamoja na ile ya nyuma.

Ukiiacha lami na kushika njia ya Loima kuelekea Lokiriama, sheria hubadilika. Hapo kuna mchanga, mawe na laga. Katika mchanga, gurudumu la mbele huyumba hata ukiwa fundi. Dawa yake si kukaza mikono bali kuilegeza. Simama kidogo juu ya vikanyagio, rudisha uzito nyuma, shika mwendo usiobadilika, wala usiguse breki ya mbele ghafla. Aliyejifunzia lami peke yake atatupwa chini na mchanga, na aliyejifunzia mchanga peke yake huenda akadanganywa na lami, kwani mwendo wake ni mkubwa na ardhi yake haisamehi. Mwanafunzi azoee yote mawili, na asimpandishe mtu yeyote nyuma kabla ya hapo, kwa maana abiria hubadilisha uzito na tabia nzima ya chombo.

Na laga iliyo na maji isivukwe. Mvua inaweza kuwa imenyesha milimani, mbali na macho yako, na maji yakaja kwa nguvu huku mbingu juu yako ikiwa safi.

MAJERAHA YA MWANAFUNZI

Mtu anapoanguka hunyoosha mkono kujikinga. Ni tabia ya mwili, haina mjinga wala mwerevu. Uzito wote huangukia kifundo cha mkono, na mfupa hukatika karibu na hapo. Mwaka 1814 daktari wa Ireland, Abraham Colles, aliueleza mvunjiko wa aina hii, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kwa wanaoanza kuteleza kwa ubao kwenye theluji, kifundo cha mkono ndicho kiungo kinachovunjika zaidi, na kwa sababu hiyo wengi hushauriwa kuvaa kikinga cha mkono. Mwanafunzi wa pikipiki naye anafaa kuvaa glavu nene, suruali nzito na viatu vya kufunika vifundo vya miguu. Kandambili ziachwe nyumbani.

Kuna mfupa mdogo ambao nataka uukumbuke. Nyoosha kidole gumba chako, utaona kishimo kidogo chini yake, upande wa kifundo. Mtu aliyeanguka akiumwa ukibonyeza pale, asiambiwe kwamba ameteguka tu. Mfupa ulio chini ya kishimo hicho hupata damu kidogo, na usipotibiwa sehemu yake inaweza kufa na kumwachia mtu maumivu ya maisha. Tatizo ni kwamba picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa wowote. Mkono ufungwe, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.

Mguu nao huvunjika chini ya goti, mara nyingine mfupa ukatoboa ngozi. Jeraha kama hilo lifunikwe kwa kitambaa safi, lisipakwe mafuta, udongo wala samadi, na mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyohiyo, ambako pia atahitaji kinga ya pepopunda. Kama damu inatoka kwa wingi, ibanwe kwa nguvu kwa kitambaa bila kuachia. Wale wanaofunga mifupa kienyeji siwadharau, lakini gango lililokazwa mno huzuia damu. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, mafungo yalegezwe mara moja. Kuna watu waliokatwa mguu kwa sababu ya mafungo, wala si kwa sababu ya mvunjiko.

Jeraha baya kuliko yote ni la kichwa, na ni lenye hila. Mtu anaweza kuzimia kidogo, akainuka, akacheka na wenzake, akaenda kulala. Kumbe damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Ukiona kichwa kinazidi kuuma, mtu anatapika, anasinzia kupita kiasi, anasema maneno yasiyoeleweka, au mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyenzake, usingoje asubuhi. Kutoka Lokiriama hadi hospitali kubwa ya Lodwar ni safari ndefu, na kila saa inayopotea ni sehemu ya ubongo.

KOFIA NA VISINGIZIO

Kofia ya pikipiki, ikiwa imefungwa kidevuni, hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69 na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Hakuna kidonge kwenye kabati langu ninachoweza kukupa chenye sifa kama hizo. Sheria ya trafiki ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia na jaketi ya kuakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu.

Najua utasema kofia ina joto. Ni kweli ina joto. Tafuta ya rangi nyeupe yenye matundu ya hewa, na kabla ya abiria kuivaa, kitambaa chepesi kichwani kitaondoa hofu ya jasho la mtu mwingine. Utasema huko Lokiriama hakuna askari wa kukukamata. Jiwe halingoji askari. Utasema pesa zimeisha baada ya kununua pikipiki. Basi, ndugu yangu, hukuwa na pesa za kutosha kununua pikipiki. Ungoje miezi miwili zaidi. Maana mguu ukivunjika, kijana hukaa miezi bila kazi, pikipiki hukaa chini ya mti, mbuzi huuzwa, na anayepigiwa simu usiku atume pesa ni wewe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mwenye pikipiki asitoe ufunguo kwa mtu asiye na leseni na asiyetimiza miaka 18. Pili, vyama vya bodaboda vya Lodwar na Kakuma vitenge uwanja na siku za mafunzo, na mwanachama mpya apimwe na wazee wa kazi kabla ya kupewa nafasi kwenye steji: apinde kushoto na kulia, asimame ghafla bila kuanguka, avuke mchanga. Wakimbizi wa Kakuma na wenyeji wanatumia barabara moja, na wanapaswa kufundishwa uwanja mmoja. Tatu, serikali ya kaunti iyaone mafunzo hayo kama sehemu ya bajeti ya afya. Kumfundisha kijana ni rahisi kuliko kumtia vyuma mguuni. Nne, wewe abiria una ulimi. Mwambie apunguze mwendo, na akikataa, shuka.

Lokiriama ni jina lenye heshima. Hapo ndipo Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipopatana mwaka 1973, na mkataba huo bado huadhimishwa kila Septemba. Njia ambayo zamani watu waliiogopa kwa sababu ya uvamizi leo inapitwa na mfanyabiashara, mwalimu na mama mjamzito anayekimbizwa kujifungua. Itakuwa aibu kubwa kwa kijana aliyeponea risasi kuuawa na kona.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kabla hujatuma pesa za pikipiki, tuma kwanza za mwalimu na za kofia mbili, moja ya mwendeshaji na moja ya yule atakayeketi nyuma yake.