Wanafunzi Hurudi Vyuoni, Mama Hubaki Barazani

Vyuo vinapofungwa na vijana wetu wakarejea majumbani, mjini Mombasa huonekana jambo la kupendeza. Makundi ya wanafunzi, wa kiume na wa kike, huchangishana kidogo kidogo, wakapika pilau au wakanunua mikate na maziwa, kisha jioni wakazunguka katika vibaraza vya maduka na kandokando ya masoko, wakawagawia akina mama wanaolala nje pamoja na watoto wao. Wengine huchukua penseli na madaftari wakawafundisha wale watoto kusoma na kuandika. Hawalipwi hata senti moja. Lau wangalikwenda pwani kuogelea kama wenzao, hapana ambaye angaliwalaumu.

Hata hivyo lawama hazikosekani. Utawasikia watu wazima wakisema kwamba vijana hawa watafuta picha za kuonyesha katika simu zao. Au kwamba si adabu mtoto wa kike kuonekana Mwembe Tayari na magharibi imeshaingia. Au kwamba wale walalao nje "si watu wetu", na kuwalisha ni kuwaita wenzao waje. Mimi nasema vijana hawa wastahili kushukuriwa kabla ya kukosolewa. Lakini shukrani hainizuii kuuliza swali ambalo ni zito kuliko hayo yote: chuo kikifunguliwa, na kijana akapanda basi kurudi Nairobi au Eldoret, yule mama abaki na nini mkononi?

Tuanze kwa kujua ukubwa wa jambo lenyewe. Katika hesabu ya taifa ya watu wanaoishi mitaani, iliyofanywa mwaka 2018, walipatikana watu 46,639 katika Kenya nzima. Nairobi ilikuwa na 15,337. Ya pili ilikuwa Mombasa yetu, watu 7,529. Kisumu, iliyokuwa ya tatu, haikufikisha hata 3,000. Mji unaojisifu kwa ukarimu na ustaarabu wa miaka mingi hauwezi kuutazama mzigo huu ukasema kuwa ni wa wengine.

Na hao akina mama hawakuzaliwa barazani. Yuko aliyeshindwa na kodi ya chumba, mwenye nyumba akamtolea vyombo nje. Yuko aliyefiwa na mume, na kabla ya arubaini ndugu wa marehemu wakaja kuchukua kitanda na funguo. Yuko aliyekimbia kipigo. Na yuko aliyeachwa. Huyu wa mwisho ndiye anayenikera zaidi, kwa sababu kisa chake chatuhusu sisi wenyewe. Mume ametoa talaka, mama amerudi kwao na watoto watatu, kwao nako ni chumba kimoja chenye watu saba. Baada ya miezi michache maneno yameanza, naye ameshika njia.

Sote tumesoma, walau chuoni kwa maalim, kwamba talaka haimfungulii mwanamume mlango wa kukimbia. Mke wa talaka rejea aliye katika eda ana haki ya makao. Watoto ni juu ya baba yao kuwalisha, kuwavika na kuwaweka mahali pa kulala, na mama anayenyonyesha naye ana haki yake kwa baba wa mtoto. Serikali nayo yasema maneno ya kufanana na hayo: Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yaweka jukumu la mtoto juu ya baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na kifungu cha 170 cha Katiba hiyo hiyo kimempa Kadhi uwezo wa kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kupeleka shauri lao kwake.

Kwa hiyo mtoto anayelala juu ya katoni ilhali baba yake yu hai, ana kazi, na siku ya Ijumaa huketi safu ya mbele, hakukosa sheria ya kumlinda. Anazo mbili, ya dini na ya serikali, na zote ziko upande wake. Alichokosa ni mtu wa kufuatana na mama yake mpaka mahakamani, amwandikie maombi yake, amweleze tarehe, na siku ya tarehe amkumbushe.

Na wale wasio Waislamu je? Hao nao ni majirani, na ni wasafiri waliokwamishwa na njia. Hatukufundishwa kumuuliza mwenye njaa dini yake kabla ya kumpa sahani.

Sasa natugeukie sadaka zetu wenyewe, maana si haki kuwapima wanafunzi tukajiacha sisi. Ijumaa baada ya sala, milangoni mwa misikiti mikubwa, hupangana akina mama na watoto wachanga mapajani. Tunatoka, tunatia mkono mfukoni, tunaangusha shilingi kumi, tunakwenda zetu tukiwa tumeridhika. Hatusimami kufikiri kwamba mama amekwisha kujifunza hesabu yetu: mtoto aliye mapajani huleta zaidi kuliko mtoto aliye shuleni. Vijisarafu vyetu vimekuwa mshahara wa kumzuia mtoto asisome. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 humhesabu mtoto anayeombaomba kuwa ni mtoto anayehitaji kutunzwa na kulindwa. Sisi twamhesabu kuwa ni mahali pa kutupia sarafu.

Dini yetu ina mfano bora kuliko huo. Katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina palikuwa na mahali penye kivuli palipoitwa Suffa. Waliokaa hapo walikuwa maskini, wengi wao waliohama wakawa hawana nyumba wala jamaa mjini. Walilala papo hapo, walikula kwa ukarimu wa Mtume na Masahaba, na papo hapo wakasoma. Abu Huraira, ambaye hadithi alizozipokea ni nyingi kuliko za Sahaba mwingine yeyote, alikuwa mmoja wao. Tazama basi: katika mji ule mwanafunzi na asiye na nyumba walikuwa mtu mmoja. Waliompa chakula hawakumwacha hapo. Walimpa na elimu, na elimu ile tunaila mpaka leo.

Siku hizi tumewatenga. Mwanafunzi yuko chuoni, asiye na nyumba yuko barazani, na hukutana siku chache za likizo juu ya sahani ya pilau. Nasema wakutane kwa zaidi ya pilau, kwa sababu mwanafunzi anacho kitu ambacho tajiri wa mjini hana. Ana wakati, anajua kusoma fomu, na anajua kuitumia simu yake kwa mambo ya maana.

Chukua cheti cha kuzaliwa. Karatasi hiyo moja huombwa mtoto anapoandikishwa shuleni, huombwa anapoandikishwa kwa mtihani, na akifika miaka kumi na minane huombwa anapotaka kitambulisho. Shule za msingi za serikali ziliondolewa karo mwaka 2003, lakini mlango usio na karo bado una karatasi zake. Mama aliyejifungulia nyumbani, au aliyepoteza kadi ya kliniki siku vyombo vilipotolewa nje, huogopa hata kuingia ofisini. Tena maombi mengi siku hizi hupitia katika mtandao wa serikali wa eCitizen, naye hana simu wala hajui pa kuanzia. Kazi hiyo kwa mwanafunzi ni asubuhi moja ya kujaza na asubuhi mbili tatu za kufuatilia. Pilau huisha usiku ule ule. Cheti humfuata mtoto umri wake wote.

Basi pendekezo langu ni hili. Wanafunzi wawili wamchukue mama mmoja, na ikiwa ni wasichana ndio bora, ili mama azungumze bila ya haya. Wiki ya kwanza wamsikilize tu: katoka wapi, baba wa watoto yuko wapi, mtoto yupi amewahi kusoma na yupi hana cheti. Wayaandike katika daftari. Wiki zinazofuata washughulikie jambo moja mpaka liishe, liwe ni cheti, au shauri kwa Kadhi, au nafasi ya shule. Na kabla chuo hakijafunguliwa, daftari lile wamkabidhi mtu asiyekwenda likizo: imamu wa msikiti wa karibu, maalim wa madrasa, mzee wa mtaa, au chama cha akina mama wa hapo hapo. Afisa wa watoto wa serikali naye ajulishwe, maana kazi ni yake kabla ya kuwa yetu. Wanafunzi wanaosoma hapa hapa Mombasa na waendelee hata masomo yakiwa yameanza, japo kwa saa moja ya Jumamosi.

Wasipofanya hivyo, yako madhara ambayo kijana mwenye moyo mwema hayaoni. Mtoto wa barazani huzoea kupata walimu wapya kila likizo, kila mmoja akimwambia "nitarudi", na kila mmoja akapotea. Ahadi ni deni, na deni la mtoto ni zito kwa kuwa hana pa kulidai. Heri kumwambia, "Mimi nakaa mwezi mmoja, kisha atakuja maalim fulani," kuliko kumwachia neno tamu lisilo na mwenyewe.

Jambo jingine ni sitara. Wazee wa pwani walijua kumsaidia mtu bila ya kumvua nguo: sahani ilipita kwa jirani imefunikwa kawa, wala hapakuwa na aliyejua mna nini. Leo mama aliyefunika uso kwa leso hupigwa picha akipokea mkate, na picha hiyo huzunguka dunia nzima kabla mkate haujaliwa. Yawezekana watoto wake waione wakiwa watu wazima. Enyi vijana, simu ziacheni mfukoni. Na mdomo nao una sitara yake. Jina la "chokoraa" tumewabandika watoto hawa kwa sababu hulazimika kuchokora majaa wapate kula. Mtoto ana jina alilopewa na mamake; muulizeni, mwiteni kwa hilo.

Nasi watu wazima tusikae kando tukahukumu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambako baadhi ya vijana hawa husoma, kilitokana na ile taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo wazee waliiita MIOME, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951. Ilijengwa kwa michango: ya Aga Khan, ya Sultani wa Zanzibar, ya Mabohora, na ya serikali ya wakati huo. Maana yake ni kwamba hata mwanafunzi anayejilipia karo leo asoma katika chuo ambacho msingi wake uliwekwa kwa kutoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Je, kamati ya msikiti yashindwa kufungua chumba kimoja cha madrasa jioni ili masomo yasifanywe chini ya taa ya dukani? Yashindwa kutenga choo na maji kwa akina mama ambao kila siku hulipia hata kunawa? Na mzee anayemjua mwanawe ametupa watoto, yashindikana kumwita akamwambia maneno ya kweli?

Mpaka mwaka 1997 ilikuwako katika Kenya sheria ya wazururaji, tuliyoirithi kwa wakoloni, na mtu aliweza kukamatwa kwa kuwa tu hana makao wala kazi ya kumlisha. Bunge liliifuta. Iliyobaki ni ile iliyo nyoyoni mwetu, ambayo hakuna Bunge la kuifuta.

Vyuo vitafungwa tena. Kijana atakuja mlangoni kwako kuomba mchango wa mchele na nyama. Mpe. Kisha muulize: mama yupi, watoto wangapi, na karatasi gani bado haijapatikana?