Sare Mpya Haileti Imani

Hoja iliyochapishwa kwamba polisi wa Kenya wakivuliwa sare ya buluu wataheshimiwa tena inapotosha. Buluu yenyewe, iliyozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Septemba 2018, ilikuja na ahadi ya mageuzi. Wananchi wengi waliikejeli.

Rangi ilibadilika, malalamiko ya hongo na mauaji yakabaki.

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inamtaka askari mwenye sare aonyeshe jina au nambari yake waziwazi. Katika maandamano ya Juni 2024, maofisa waliovaa kiraia na kuficha nyuso walikwepa sharti hilo. Raia atamshtaki vipi asiyemtambua? Serikali isimamie kwanza utambulisho wa kila askari, ndipo ijadili kitambaa.