NAFASI ZA SHULE: ZIONGEZWE, LAKINI KWA HESABU

Ndugu wanachama,

Kila Januari swali moja huingia katika nyumba za wafanyakazi wa Hulugho: mtoto amemaliza, je, atapata nafasi wapi? Shule za serikali zenye sifa ni chache, nyingine ni ndogo, nazo huchagua kwa alama. Wako wasemao zipanuliwe. Wako wasemao ziachwe kama zilivyo, maana wingi huharibu. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kunyamaza, kwa sababu watoto wanaobaki nje ya lango ni wetu: wa mlinzi, wa mpishi, wa karani, wa mchungaji.

Wanaopinga kupanua wana hoja, wala hatuidharau. Mwaka 2001 moto wa bweni la Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Mwaka 2024 huko Endarasha, Nyeri, walikufa wanafunzi 21. Kanuni za usalama za shule za mwaka 2008 zataka nafasi baina ya vitanda, milango ifungukayo nje na madirisha yasiyo na vyuma. Shule ikisukuma vitanda vikagusana ili ipokee wengi, hiyo siyo elimu, ni hatari. Upanuzi wa namna hiyo twaukataa.

Lakini iko hesabu nyingine. Shule ya sekondari ilikuwa na vidato 4. Katika mpango mpya, ulioanza na Gredi ya 10 Januari 2026, shule ya sekondari ya juu ina madarasa 3 tu: Gredi ya 10, 11 na 12. Kidato cha 4 cha mwisho ni cha mwaka 2027. Basi tutazame shule yenye vitanda 480. Zamani iliweza kupokea watoto 120 kila mwaka. Kwa miaka mitatu yaweza kupokea 160, bila kuongeza kitanda hata kimoja. Shule ikiendelea kupokea 120 tu, vitanda 120 vitalala vitupu, na watoto 40 kila mwaka watakuwa wamenyimwa nafasi iliyokuwapo. Kwa hiyo kabla ya kuambiwa "hatuna nafasi", tuonyeshwe hesabu ya vitanda.

La pili ni walimu. Mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Madarasa yalibaki, mwalimu hayupo. Mtoto aliyesoma hivyo akapimwa kwa alama zile zile na mtoto wa mjini aliyekuwa na mwalimu kwa kila somo. Je, hapo tunapima akili, au tunapima bahati ya mahali alipozaliwa? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 56, yaitaka serikali iweke mipango ya kuzipa jamii zilizoachwa nyuma nafasi maalum katika elimu. Nafasi zitakazopatikana kwa hesabu tuliyoitaja zisigawiwe zote kwa alama tupu. Sehemu yake iwe ya watoto wa sehemu kama yetu.

Wala tusisahau wenzetu walimu. Chama chao, KNUT, kilichoundwa mwaka 1957, kilipigania mwajiri mmoja kwa walimu wote, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikaanzishwa mwaka 1967. Kuongeza wanafunzi bila kuongeza walimu ni kumtwika mtu mmoja mzigo wa watu wawili kwa mshahara ule ule. Hakuna mfanyakazi, wa kazi yoyote, awezaye kulikubali jambo hilo.

Basi msimamo wetu ni huu. Kwanza, kila shule itangaze idadi ya vitanda, madarasa na walimu wake. Pili, vitanda vitakavyoachwa na kidato cha nne vijazwe. Tatu, asiongezwe mtoto juu ya idadi hiyo mpaka bweni, maji na mwalimu vimetangulia. Nne, mtoto wa mfugaji na wa mfanyakazi awekewe nafasi yake.

Ndugu, mkutano wa wazazi utakapoitwa, nendeni. Msikae nyuma mkanung'unika njiani. Ulizeni: vitanda vingapi, walimu wangapi? Haba na haba hujaza kibaba.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI