Mapafu ya Wachimbaji na Elimu Tuliyoiacha

Katika mihadhara yetu jina la Ibn al-Haytham halipiti bila takbira. Ni haki yake. Mwanachuoni huyu wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, alithibitisha kwamba jicho huona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuliingia. Lakini takbira haisomi picha ya kifua cha mchimbaji wa Nyarugusu.

Vijana wetu wa Mgusu, Nyarugusu na Kakola huingia maduarani, na wengine hushinda kwenye makarasha, mwamba ukisagwa mbele ya nyuso zao. Vumbi lile lina silika. Chembe zake, ndogo kiasi cha kutoonekana, hutua ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ndiyo maradhi ya silikosisi. Mapafu yenye makovu hayo hushikwa kwa wepesi na kifua kikuu. Hapo ndipo penye mtihani, kwani katika eksirei maradhi yote mawili huweka alama zinazofanana, aghalabu sehemu ya juu ya mapafu. Mwenye silikosisi huweza kumezeshwa dawa za kifua kikuu zisizomfaa, na mwenye yote mawili akagunduliwa moja tu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliridhia kompyuta isome eksirei za kifua, badala ya mtu, katika kuwachunguza kifua kikuu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwetu, ambako madaktari bingwa wa kusoma picha ni wachache, hii ni rehema. Ila kompyuta haina ilhamu. Hufundishwa kwa maelfu ya picha ambazo mjuzi ametangulia kuibainisha kila moja: huyu mgonjwa, huyu mzima. Ile iliyofundishwa kwa vifua vya watu wasiopata kushika sururu itamwambia nini mtu wa karasha? Lazima awepo mtafiti wa kukusanya picha za hapa hapa, kuzipima, na kuisahihisha programu.

Mtafiti huyo hapatikani kwa semina ya siku tatu. Ni hisabati na fizikia tangu sekondari, kisha shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu. Miaka mingi ya subira na kipato kidogo. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, waliunganisha simu na hadubini wakaifundisha kompyuta kutambua vimelea vya malaria katika picha ya damu. Hapa nchini, Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Arusha husomesha sayansi na teknolojia hadi uzamivu.

Imam Ghazali, katika Ihya, aliuhesabu utabibu na hesabu kuwa fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliorundikana kwenye fiqhi huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Imepita miaka zaidi ya 900. Leo tunachangishana kwa mnara wa pili, na kijana aliyefaulu fizikia anapelekwa machimboni kwa kukosa ada.

Rai yetu ni kwamba kodi ya fremu za wakfu itengewe fungu la kumsomesha mwanafunzi mmoja, wa kiume au wa kike, kutoka kidato cha tano hadi uzamivu (na asiwe mtoto wa mwenyekiti). Kamati zinazokutana baada ya Ijumaa ijayo zianze na orodha ya vijana wenye alama nzuri za hisabati na fizikia, na mbele ya kila jina liandikwe deni lake la ada.